Vinasa Sauti Vitatu, Mke Mmoja

Mnaonisoma kwa mara ya kwanza, poleni. Mnaonifuata tangu mwanzo, poleni zaidi. Wiki jana niliwaacha kando ya barabara ya kwenda mji wa Kikinda, nimekaa juu ya theluji, nguruwe wa jirani amelala chini ya gari langu na leseni yangu imelala mfukoni mwa askari. Nguruwe keshageuzwa soseji. Leseni bado iko kwa askari.

Na habari ya koo la mke wangu mnayo. Baridi ya mwaka juzi daktari aliukata ugonjwa wote, na ugonjwa ulipoondoka ukaondoka na sauti. Siku hizi Rosanda ananong'ona tu, na akitaka kugomba anagonga meza kwa mwiko. Anayedhani mume wa mke asiye na sauti amepata raha, hajaujua mwiko wa Rosanda.

Lakini mimi nilimwoa kwa sababu ya sauti. Hilo sijawahi kulificha. Jeshini, rafiki yangu Gvozden alikuwa na mkanda aliourekodi kijijini kwao kwenye sherehe ya mavuno. Tukawa tunaupiga kwenye kinasa sauti cha kambi, mpaka koplo naye akayajua maneno. Kodiani inatangulia, halafu anaingia msichana, sauti nyembamba, nyepesi, ya kumfanya askari asahau kwamba ana zamu. Nikamuuliza Gvozden huyo ni nani. Akaniambia ni binti wa mzee Stanimir.

Nilipotoka jeshini nikaazima suti ya kaka yangu, nikaenda moja kwa moja kwa mzee Stanimir, nikasema nimekuja kwa binti anayeimba. Rosanda akaleta kahawa. Tukaoana, na Gvozden akawa msimamizi wa ndoa yetu.

Baada ya harusi Rosanda hakuimba tena, hata kumbembeleza mtoto. Alisema nyimbo kaziacha kwa baba yake. Sikumsumbua. Gvozden alinizawadia ule mkanda, nikaufunga kwa kitambaa nikauweka kabatini, ingawa hatukuwa na mashine ya kuupiga. Mwanamume anaweza kuishi miaka na kitu asichokisikia, mradi ajue kipo.

Sasa Jumamosi ni slava yetu, sikukuu ya Mtakatifu Nikola, mlinzi wa ukoo. Nyumba itajaa watu hadi kwenye ngazi. Nikaapa kwamba kabla ya siku hiyo nitanunua kinasa sauti cha zamani, na wageni wote watamsikia mke wangu akiimba. Nilipomwambia nilidhani atanikumbatia.

Akagonga meza.

"Usinunue," akanong'ona.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema."

"Nimeshaapa, Rosanda. Mbele ya padri."

"Padri alikuwa amelewa."

"Mungu hakuwa amelewa."

Alinitazama mpaka nikaanza kujikuna. Kisha akasema, "Haya. Nunua popote unapotaka, Tihomir. Ila kwa Gvozden usiende."

Nikaona ana busara. Gvozden bado alikuwa na ile mashine aliyourekodia mkanda, lakini kwetu kununua kitu kwa msimamizi wako wa ndoa ni kujitia kitanzi. Msimamizi haombwi kupunguza bei. Bidhaa yake haijaribiwi mbele yake, maana ni kumwambia usoni kwamba ni mwongo. Na ukishaichukua, hairudi. Nina viatu nilivyonunua kwa Gvozden, vyote viwili vya mguu wa kushoto, na vyote viwili nimevivaa.

Kwa kuwa sina leseni, dereva wangu akawa Vukosava.

Vukosava, ambaye mke wangu humwita Vuka, ni dada mkubwa wa Rosanda, shemeji yangu, na anakaa ghorofa ya juu ya nyumba yetu tangu mumewe alipokwenda Austria kutafuta kazi akapata na mke. Ana sauti nzito ya kukwaruza, ya kumtisha mbwa. Kila ninachofanya kina kasoro, na kasoro hiyo hunitangazia kutoka dirishani ili na jirani afaidike. Msimu huu peke yake tumegombana kwa sababu ya kuni, kwa sababu ya paka, na kwa sababu ya namna ninavyofunga mlango.

"Panda, shemeji," akaniambia. "Na viatu vyako pangusa. Hili ni gari, si zizi."

"Unanipeleka kwa moyo mweupe kweli?"

"Nakupeleka kwa sababu dada yangu kaniomba nikuangalie usinunue ujinga."

"Mimi nimefanya utafiti."

"Ndiyo ninachokiogopa."

Kwanza tulikwenda mjini Subotica, kwa mjane wa Kihungari aitwaye Etelka, aliyekuwa anauza kinasa sauti cha Kijerumani. Vukosava alikataa kushuka. Alisema hawezi kuingia nyumba ya mtu kusikiliza kelele.

Mjerumani mwenyewe alikuwa na umbo la jeneza la mtoto wa tajiri. Mbao za kung'aa, vitufe vya kuzungusha vya rangi ya pembe za ndovu, na ndani si transista, ni taa za kioo ambazo lazima uzisubiri zipate joto. Zilipopata, jicho la kijani, yaani taa ya kupimia sauti, likafumbuka katikati ya kifua chake likaanza kunitazama.

"Mume wangu alikuwa akiliambia jicho hilo usiku mwema," Etelka akasema. "Mimi hakuniambia."

Nikaupitisha mkanda wangu, nikabonyeza. Kodiani ikatangulia. Halafu akaingia yeye.

Sitawadanganya, nililia. Ilikuwa sauti ileile ya kambini, nyembamba, inakimbia juu ya maneno bila kuyakanyaga. Nilikuwa sijaisikia tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi. Etelka akanipa taulo la jikoni.

"Huyu ni nani?"

"Mke wangu."

"Mama yangu, ulimwoa akiwa na umri gani? Mbona anaimba kama mtoto wa shule?"

Nikamwambia ana wivu. Alikubali.

Nikauliza kasoro za mashine, maana ndivyo anavyofanya mnunuzi mwenye akili. Nzito, akasema, inabebwa na wanaume wawili wasiogombana. Breki zake kali, ukisimamisha ghafla inauvuta mkanda, na mkanda wa zamani hukatika. Pia yeyote atakayeichukua lazima achukue na mikanda yote ya bendi ya tarumbeta ya marehemu, na aahidi kuisikiliza.

"Yote?"

"Nimeisikiliza mimi, kwa nini wewe usiweze?"

Nikatoka nje kufikiri. Vukosava alikuwa amekaa garini kioo kimeshushwa, na nje ilikuwa baridi ya kugandisha mate.

"Unataka kufa?" nikamuuliza.

"Nilikuwa navuta sigara."

Sikuona sigara. Nikamweleza habari ya jeneza, jicho na tarumbeta. Akasema jeneza halitaingia garini, na kwamba mkanda ukikatika hatakuwapo kunifariji. Tukaondoka.

Kinasa sauti cha pili kilikuwa Zrenjanin, kwa Pavle, aliyekuwa fundi mitambo wa redio kabla ya kustaafu na kuanza kunenepa. Alikuwa nacho cha Uswisi, na alinionyesha kama anavyoonyeshwa farasi. Mota tatu, akasema, moja ya kuendesha na mbili za kukunja, kwa hiyo mkanda hauvutwi, unasindikizwa. Kina kasi mbili. Kinabeba magurudumu makubwa ya mkanda. Breki zake ukimwekea mtoto aliyelala hataamka. Ukikilinganisha na Mjerumani, Mjerumani ana joto zaidi, mtu anayeimba unamwona na meno; Mswisi ni msafi, mkweli, hakuongezei wala hakupunguzii.

"Mashine zinazoongeza chumvi ni za watu wanaopenda mashine," Pavle akasema. "Hii ni ya watu wanaopenda mkanda."

Nikamwambia mimi ndiye huyo. Tukaupiga.

Sauti ikatoka vilevile, nyembamba, nyepesi. Nikaanza kutafuta leso. Nilikuwa tayari kumkumbatia Pavle, tumbo na yote, lakini yeye alikuwa amekunja uso. Akairudisha nyuma, akaipiga tena. Akaenda chumba cha pili, akarudi na kodiani ya binti yake, akawa anaifuata ile ya kwenye mkanda kwa kidole kimoja.

"Hii siyo," akasema.

"Siyo nini?"

"Kodiani, bwana, haikazwi kama gitaa. Noti zake zilishakatwa kiwandani. Hii ya kwenye mkanda inalia katikati ya noti na noti. Hakuna kodiani ya namna hiyo." Akaizima mashine. "Mkanda wako umerekodiwa na mashine mvivu. Ilikuwa inazunguka taratibu kuliko inavyotakiwa. Sasa mashine nzima ikiupiga, wimbo unakimbia na sauti inapanda."

"Kwa hiyo huyu si mke wangu?"

"Ni yeye, ila kaharakishwa. Sauti yake halisi ni nzito kuliko hii."

Nilikaa. Kumbe hata kambini mashine ya jeshi ilikuwa nzima. Maisha yangu yote nilikuwa nampenda mke wangu kwa kasi isiyo yake. Nikamuuliza kama anaweza kuupunguza mwendo huo. Akasema anaweza kubahatisha, kwa kodiani, lakini mashine mvivu haina uvivu wa aina moja, hapa inalala, pale inaamka. Anayeujua uvivu wake ni mashine yenyewe iliyorekodi.

"Unaijua ilipo?"

Niliijua. Ilikuwa kwa Gvozden.

Nilirudi garini nikamweleza Vukosava. Safari hii kioo kilikuwa kimeshushwa tena, na yeye amejiinamia kwenye usukani.

"Nunua ya huyu," akasema.

"Lakini si sauti yake."

"Inapendeza, haipendezi?"

"Inapendeza."

"Basi unataka nini tena? Nunua. Nitakuongezea pesa."

Wasomaji wangu, mwanamke huyu hajawahi kuniongezea hata chumvi kwenye supu. Hapo mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nikaona huruma imemwingia, na huruma ya Vukosava ni kitu cha kukimbia.

"Rosanda hana sauti," nikamwambia. "Kama iliyobaki ni hii tu, nataka iwe yake, si ya panya. Hata kama ni nzito. Hata kama ni mbaya."

Akawasha gari. Akageuza kuelekea kijijini kwa Gvozden.

Gvozden alitupokea mlangoni akiwa na aproni, anasafisha samaki. Vukosava alitaka kubaki garini, lakini kwa msimamizi hakuna kubaki garini. Mkewe alimvuta ndani kwa mkono, akatuletea jamu ya cheri kwa kijiko na maji ya kunywa, halafu rakija, pombe kali ya matunda, halafu rakija ya kuisindikiza ile ya kwanza.

"Ninataka ile mashine," nikasema. "Uliyourekodia mkanda."

Gvozden alimwangalia Vukosava. Vukosava aliangalia jamu.

"Rosanda ameruhusu?"

"Amekataza."

"Basi msikilize mkeo. Ile si mashine, ni sanduku la kufugia panzi. Inaburura miguu. Kuna za Kijerumani siku hizi, kuna za Uswisi."

"Nimezisikia zote. Naitaka yako kwa sababu inaburura."

"Rafiki yangu, umelewa?"

"Kidogo. Niiwashe nijaribu?"

Uso wake ukabadilika. "Unanijaribu mimi? Niliyekushikia taji la ndoa kichwani kanisani?"

Nikaomba radhi. Nilikuwa nimekwenda pale ili nisikie, na ilibidi nitulie kama kuku aliyefungwa miguu. Akaingia stoo, akatoka na kisanduku cha kijivu chenye mshipi, kidogo, kifuniko kimepasuka. Kuweka Mjerumani na Mswisi upande mmoja na hicho upande wa pili ilikuwa dhambi. Alinitajia bei ya kuniudhi, kwa makusudi nadhani, ili niikatae. Nikalipa.

Alipotusindikiza aliinama kwenye kioo cha gari upande wa Vukosava.

"Mimi nilimwambia ni binti wa Stanimir," akasema. "Sikusema yupi."

"Nenda kasafishe samaki," Vukosava akamjibu.

Nilisikia maneno hayo kama mnavyoyasikia ninyi. Lakini nilikuwa nimepakata kinasa sauti, rakija mbili tumboni, furaha kichwani, na kichwa changu hubeba kimoja kwa wakati.

Tulifika nyumbani bado kuna jua. Rosanda alikuwa jikoni anachambua ngano ya slava. Aliona kisanduku cha kijivu, akakitambua kabla sijakiweka mezani. Mwiko ulikuwa karibu naye, lakini hakuushika.

"Umekwenda," akanong'ona.

"Nimekwenda kwa ajili yako. Zile nyingine zote zinakusingizia. Hii ndiyo ya kweli."

Vukosava alikuwa ameanza kupanda ngazi kwenda kwake. Rosanda akamwita. Kunong'ona kwa Rosanda hakufiki hata sebuleni, lakini Vukosava alisikia, akarudi, akasimama mlangoni na koti lake.

"Ingia, au toka," nikamwambia. "Baridi inaingia."

Akaegemea mwimo wa mlango. Nikaupitisha mkanda. Ile mashine ilipowaka ilinguruma kama mzee anayeamshwa, magurudumu yakajivuta, yakasita, yakajivuta. Kodiani ikaanza, polepole, nzito, kwa mara ya kwanza ikiwa kodiani ya kweli. Nikamshika Rosanda mkono. Ulikuwa na vumbi la ngano na ulikuwa wa baridi.

Kisha msichana akaingia.

Sauti haikuwa nyembamba. Ilikuwa pana, nzito, yenye mkwaruzo chini yake, inayokaa juu ya kila neno mpaka neno limalizike. Ilikuwa nzuri mara kumi kuliko ile niliyolilia Subotica, na nywele zangu zikasimama. Na niliijua. Niliijua kama ninavyoujua mlango wa nyumba yangu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikinitukana kwa sababu ya mlango huo. Moshi wa sigara ulikuwa bado haujaigusa, lakini ilikuwa yenyewe.

"Zima, Tihomir," Vukosava akasema kutoka mlangoni, na kwenye mkanda sauti hiyohiyo ilikuwa ikiimba habari za mavuno.

"Rosanda," nikasema. "Huyu si wewe."

"Si mimi."

"Ulisema nyimbo uliziacha kwa baba yako."

"Niliziacha. Zilikuwa za Vuka." Ilibidi niinamie mdomo wake nimsikie. "Wewe uliingia ukasema umekuja kwa binti anayeimba. Vuka alikuwa ameshachumbiwa. Baba akatazama huku na huku, akaniona nimeshika sinia la kahawa. Akasema, ndiye huyu."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Ulikuwa umevaa suti inayokubana, masikio yamekuwa mekundu. Nilikupenda. Ningesema nini?"

"Ungesema ukweli."

"Ungekunywa kahawa ukaondoka."

Ilikuwa kweli, na sote watatu tulilijua hilo. Nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona hata siku ile ya gari na nguruwe.

"Zima, shemeji," Vukosava akasema tena, safari hii kwa upole, na sikujua kwamba anao. "Mpigie simu yule mnene wa Zrenjanin. Chukua ya Uswisi. Jumamosi wageni wasikie ile nyembamba. Hakuna atakayejua."

Nikanyoosha mkono kwenye swichi. Rosanda akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Acha uendelee," akanong'ona. "Tangu siku ile ya kahawa nimekuwa nikingoja kujua utanitazamaje ukishaisikia. Kama nitapikia watu Jumamosi au nitafungasha nguo, nataka nijue leo. Nitazame, Tihomir."

Wimbo ulikuwa umefika kwenye kiitikio. Nilisikia vizuri alichoniomba, na nilitaka kukifanya, naapa kwa Mtakatifu Nikola. Lakini macho yangu, washenzi wakubwa, yalikuwa yameshakwenda mlangoni, aliposimama Vukosava.